Makumbi ya Mama na Ukuta wa Hoteli

Nikiingia dukani nikaona kalenda yenye picha ya pwani, hasira hunipanda kabla sijasalimu. Mchanga mweupe pe, bahari buluu, mnazi umejipinda. Mwani uko wapi? Kaa wako wapi, na vinyesi vya kunguru? Na watu je, wamekwenda wapi wote? Mwenye duka huniuliza kama kalenda naitaka au siitaki. Humwambia siitaki, nataka chumvi. Mwalimu mzima wa Kiswahili, niliyefundisha mashairi ya kusifu bahari miaka nenda miaka rudi, sina amani na picha ya bahari. Watu wasema nina kisirani. Ninacho, sikatai, lakini kina asili yake, na asili yake ni ukuta mmoja huko Shelly Beach.

Sisi ni watu wa Likoni. Mwanzo wa miaka ya themanini tulikuwa watatu nyumbani: mama, kakangu na mimi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alitulea kwa kamba, na sisemi kwa mafumbo. Alikuwa akisokota kamba za makumbi ya nazi, za kuwambia vitanda, za kufungia mbuzi, za kutekea maji visimani. Kila daftari nililoandika shuleni lilitoka katika viganja vyake.

Makumbi hayasokotwi hivi hivi. Kwanza lazima yaoze. Wanawake wa kwetu walikuwa wakichimba mashimo pwani, pale maji yanapojaa na kupwa, wakayafukia makumbi mchangani, wakayawekea mawe juu, wakayaacha miezi na miezi ili bahari iyapike. Yakishaiva hufukuliwa, yakapondwa kwa rungu juu ya jiwe mpaka maganda na unga vitoke, ukabaki usumba peke yake, zile nyuzi. Huo usumba huoshwa, ukaanikwa, ndipo ukasokotwa. Ukiyafukua mapema umekula hasara. Hayapondeki, hayasokoteki, na kwa ile chumvi hata jikoni hayafai.

Harufu yake ndiyo usiseme. Mwanamke aliyetoka kufukua makumbi, mbu wenyewe humpisha njia. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikiona haya mama akija kunichukua shuleni siku za kufukua, nami sasa natoa chochote niinuse ile harufu mara moja tu.

Kila mwanamke alikuwa na shimo lake. Hapakuwa na cheti wala ukuta wa mpaka. Alama ilikuwa kijiti kilichokazwa kwa mawe na kufungwa kitambaa cha leso kuukuu. Cha mama kilikuwa cha zambarau. Njia ya kuteremkia ilipita baina ya majabali, ikatokea chini ya mkungu mkubwa, na hapo mkunguni ndipo walipopumzika, wakala, wakasengenya, wakamwombea aliye mgonjwa. Nasi watoto tukiokota kungu zilizoanguka, tukazipasua kwa mawe tupate kile kiini kidogo cha ndani. Mwani ulikuwa ukija kwa marundo msimu wake ukifika, ukalala pale ukikauka, na hakuna aliyeuita uchafu. Pwani ilikuwa hivyo.

Kakangu alikuwa na mkono. Alijifunza kuandika mabango kwa fundi mmoja huko Changamwe, akipaka majina kwenye milango ya malori na vichwa vya watu kwenye mabanda ya vinyozi. Akikuchorea simba kwenye tela, ng'ombe wa jirani wangesimama. Basi mpishi wa hoteli moja pale Shelly Beach alikwenda kunyolewa, akaviona vile vichwa, akamuuliza kinyozi ni kazi ya nani. Ndivyo kakangu alivyoitwa. Meneja alimwonyesha ukuta wa chumba cha kulia, mrefu mweupe mtupu, akamwambia achore pwani hii hii iliyo nje, ili mgeni akiwa mezani aione bahari hata akiipa mgongo.

Lo, alivyofurahi kijana wa watu! Alishinda pwani siku kadhaa akichora kwa kalamu ya risasi kabla hajagusa rangi. Mama aliinama shimoni kwake akiendelea na kazi, naye akakaa juu ya jabali akimchora. Mama alimwambia kama hana la kufanya ashike rungu. Lakini nilimwona akiirekebisha leso yake kichwani, na leso haikuwa na kasoro yoyote.

Mimi niliiona ile picha kwa kuwa nilikuwa nikimpelekea kakangu chakula mchana, na bawabu akinijua. Mama hakuiona. Wanawake wa makumbi hawakuwa wakipita lango lile, kwa ajili ya ile harufu. Niliposimama mbele ya ukuta, wali ulinipoa mkononi. Ilikuwa pwani yetu. Mwani ulikuwa umelala kwa marundo yake, wa kahawia na wa kijani kibichi. Vijiti vilikuwapo na vitambaa vyake. Majani mekundu ya mkungu yalikuwa yamezagaa mchangani. Na mama alikuwapo, upande wa kushoto, ameinama, leso ameikaza kiunoni, mikono imezama ndani ya shimo. Uso hauonekani wote, lakini ule mgongo ningeutambua popote. Nilimwambia kakangu kwamba naisikia harufu. Alicheka, akasema hiyo ndiyo sifa kubwa aliyowahi kupewa.

Meneja naye aliisikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bwana mpole, mwenye sauti ya chini, na alimlipa kakangu vizuri bila kumzungusha. Alimwambia picha ni nzuri mno, ila hapa ni mahali pa kula. Wageni wametoka mbali, wametoka makazini kwao wakiwa wamechoka, hawataki kumtazama mtu anayefanya kazi huku wao wanatia uma mdomoni. Na yale majani yanayooza, na yale mashimo? Aviondoe tu. Amwachie mchanga, bahari na anga.

Kakangu alikuja nyumbani na habari ile, akakaa kitako barazani. Mama alimuuliza kulikoni, akamweleza. Mimi ndiye niliyewaka. Nilisema hayo si maneno, akatae, arudi Changamwe kwenye malori yake. Mama alinitazama jicho moja, nikanyamaza. Kakangu akasema lile neno ambalo mpaka leo likinijia huacha ninachofanya.

"Ni ukuta tu, mama. Pwani yenyewe iko pale pale, haendi nayo mtu."

Mama alikuwa akisokota, kamba inateleza pajani, hakuinua macho.

"Basi futa, mwanangu. Lakini mkungu uwache."

Hakuuacha. Sidhani alikusudia kuvunja neno la mama. Alipomwondoa mama na mashimo na mwani, ule mkungu ulibaki umesimama peke yake, umeziba bahari, na meneja akauliza kwa ile sauti yake ya chini kama hauwezi kuwa mnazi. Ukawa mnazi, tena wa kujipinda, na wote twajua kwamba pale majabalini minazi haikuwapo. Kakangu alitaka ukuta ukwanguliwe kwanza, kwa kuwa ule upande ulikuwa ukitoa chumvi, na rangi juu ya rangi kwenye ukuta wa chumvi haishiki. Lakini wageni wa msimu walikuwa njiani. Akapaka rangi ya maji juu ya yote, buluu na nyeupe, akamaliza kazi kabla ya meza kutandikwa.

Picha ilipendwa. Wageni wakipigwa picha mbele yake, ikachapishwa kwenye kadi za posta, na kakangu akaitwa hoteli ya pili na ya tatu akachore "ile ya Likoni". Tulipata mabati. Mama alifurahi kwa mwanawe, wala hakuwa mnafiki. Alipoulizwa alikuwa akisema kijana wake amechora bahari. Ambacho hakuna aliyekifikiri ni kwamba mgeni akishakula mbele ya pwani ile, atatoka nje aende kuitafuta.

Walitoka, wakakuta mwani. Wakakuta harufu. Wakarudi kwa meneja wakamuuliza ile pwani ya ukutani iko upande gani. Mpishi ndiye aliyetusimulia haya, akicheka mpaka machozi, nasi tukacheka naye, kwa kuwa bado ilikuwa kichekesho. Mwezi haukwisha, vijana wakaajiriwa kukusanya mwani kila asubuhi kabla wageni hawajaamka. Kisha mkungu ukakatwa, ati unaangusha majani. Mama alirudi siku ile na kungu kwenye pindo la leso, mbichi, akaziweka dirishani, wala hakuzipasua.

Halafu ikaja zamu ya vijiti. Wale vijana waliambiwa waondoe takataka, na kijiti chenye kitambaa kilichochakaa, kwa mtu asiyejua, ni takataka. Waling'oa vyote kwa asubuhi moja. Mashimo hawakuyagusa, hata hawakujua kama yapo. Juu palikuwa na mawe tu, na mawe nayo wakayaviringisha kando.

Wanawake waliposhuka walikuta mchanga mtupu. Walijua makumbi yao yako chini ya miguu yao, lakini shimo lipi la nani? Mashimo yalikuwa yamekaribiana, na kila mmoja alifukia kwa wakati wake. La huyu limeshaiva, la yule bado bichi. Ukichimba kwa kubahatisha huenda ukafukua la mwenzio kabla ya wakati, ukamharibia kazi yake yote. Hapo ndipo wengine watashangaa, lakini aliyelelewa kwetu hatashangaa. Hakuna aliyekuwa tayari kutia mkono katika shimo asilo na hakika nalo. Haki ya mtu ni kitu kizito. Walipanga wakae wote pamoja, kila mmoja aonyeshe lake, wakubaliane, ndipo wachimbe.

Wote walikuwapo isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa amefiwa na mumewe na yumo ndani ya eda, hatoki. Walimwendea nyumbani, akajaribu kueleza kwa mikono, hatua ngapi kutoka mkunguni, na mkungu wenyewe haupo tena. Akawaambia wachimbe tu, amewasamehe. Hawakukubali. Walisema mjane hatakuwa wa kudhulumiwa na wao. Watangoja eda iishe, ashuke mwenyewe akanyage palipo pake.

Wallahi, mpaka leo sijui kama walikosea. Nimeligeuza jambo hili miaka yote hii, nikiwa kitandani, nikiwa na chaki mkononi. Ningekuwa mimi ningechimba. Lakini mimi ndiye mwenye hasira, wao walikuwa wastaarabu.

Waliyemngoja alipotoka edani, palikuwa pameshafukuliwa. Hoteli ilitaka kuweka viti vya kulalia, mchanga ukasawazishwa, majembe yakagonga makumbi. Vijana wa hoteli walikuta jaa zima chini ya pwani yao nyeupe, wakaziba pua, wakapakia yote wakaenda kuyamwaga nyuma ya ukuta wa jikoni. Mama na wenzake waliyakuta pale, makumbi ya kila mtu yamechanganyika, yaliyoiva na mabichi, yamepigwa jua yakakauka yote. Mjane aliokota moja akaliponda kwa jiwe. Likavunjika vipande, usumba hautoki. Walikaa kitako pale nyuma ya jikoni, wanawake wazima. Waliomwendea meneja walijibiwa kwa upole kwamba pwani ni ya kila mtu, hakuna aliyewakataza kushuka, ila yeye alikuwa akisafisha tu.

Mama hakufukia tena. Mahali pengine palikuwa mbali, na kamba za nailoni zilikuwa zimeshaingia madukani. Alijaribu kuuza vitumbua, halafu akaacha. Viganja vyake vililainika, jambo ambalo lilikuwa likimuudhi. Alikuwa akivitazama, akavipangusa kwenye leso, akasema vimekuwa vya bibi wa mtu.

Kakangu nilimtolea maneno. Nilimwambia yeye ndiye aliyewachorea ramani. Alihamia Malindi, akawa anachora huko, na fedha za mama zikaja bila kukosa. Yeye mwenyewe alikuwa akija mara moja moja, naye akija hashuki pwani.

Mimi nikawa mwalimu hapo hapo Likoni. Siku moja niliwaambia watoto wa darasa la tano wachore bahari wanayoijua. Hawa ni watoto ambao asubuhi ile ile walipita pwani, wengine nyayo zao zina mchanga bado. Nikapita baina ya madawati. Mnazi umejipinda. Mnazi umejipinda. Mwavuli, kiti cha kulalia, jua lenye miale. Hakuna mwani, hakuna mama wa mtu. Nilimuuliza msichana mmoja ambaye babake ni mvuvi, babako yuko wapi hapa? Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, huyo si wa kuchorwa." Niliwaambia waendelee, nikasimama nje kidogo.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kuyasoma mashairi yangu kwa jicho baya. Bahari ya mashairi niliyokuwa nikiyafundisha ilikuwa na lulu, mawimbi, upepo mwanana. Ilikuwa nadra kukuta bahari inayonuka. Ua husifiwa, aliyeteka maji ya kulimwagilia hatajwi. Nami nikawaambia wanafunzi waniandikie tungo zenye harufu, na mwalimu mkuu akanionya kwamba mtihani hauulizi hayo. Ni kweli, hauulizi. Lakini tulivyosifu ndivyo tulivyojifunza kuona, na tusichokisifu tulikiita takataka, kikang'olewa na sisi tupo. Hilo ndilo linalonikata maini.

Katikati ya miaka ya tisini wageni walipungua, kisha wakakoma, na ile hoteli ikafungwa. Mchanga nao ulikuwa umepungua. Mwani wa kuushika mchanga hauruhusiwi kulala, mkungu haupo, na bahari ikawa inakula kila msimu mpaka majabali yakabaki wazi na viti havina pa kuwekwa. Mlinzi aliyeachwa pale alikuwa jirani yetu. Alinambia siku moja kwamba ile picha ya kakangu inabanduka, na chini yake kuna picha nyingine. Nilimwambia mama. Alimaliza kuchagua mchele, kisha akaniuliza kama lango liko wazi mchana.

Tulikwenda baada ya adhuhuri. Mama alikuwa akitembea polepole, miguu ikimuuma, naye alikuwa amevaa leso mpya. Ndiyo mara ya kwanza kwake kulipita lango lile. Chumba cha kulia kilikuwa kitupu, madirisha hayana vioo, upepo wa chumvi unaingia na kutoka. Ule ukuta ulikuwa umetoka mabaka kila mahali. Buluu ilikuwa imejikunja ikaanguka sakafuni, na palipobanduka ndipo ilipokuwa pwani yetu. Hapa rundo la mwani. Pale kijiti na kitambaa chake. Majani mekundu ya mkungu yakitokeza baina ya mnazi na anga.

Mama alitembea akiufuata ukuta, mkono nyuma, mpaka upande wa kushoto. Akajiona. Alikuwa ameonekana mgongo na kiuno na leso, ila mikono na kichwa vilikuwa bado chini ya ile rangi nyeupe. Aliuliza kama alikuwa akiinama hivi. Nikamwambia ndiyo, mama, ndivyo ulivyokuwa ukiinama.

"Mkono wake ulikuwa mzuri," akasema.

Kisha akanyoosha kidole, akatia ukucha kwenye ukingo wa ile rangi nyeupe, abandue kidogo, aione mikono yake. Rangi ilitoka. Akabandua tena, na safari hii ukuta wenyewe ukaja nayo. Chumvi ilikuwa imeshakula chokaa kwa ndani. Lilianguka bonge zima, mgongo na leso na kiuno, likapasukia miguuni pake, na ukutani pakabaki matofali.

Mama aliinama, ule mwinamo ule ule, akaokota kipande kimoja kilichosalia na rangi ya leso, akakifunga kwenye pindo. Akanambia twende, jua li kali.

Tulipofika nyumbani alikaa kizingitini akalifungua pindo. Kile kipande kilikuwa kimesagika njiani, hakuna rangi, hakuna kitu, vumbi la chokaa tupu. Akaikung'uta leso pale mlangoni, mara mbili, akanambia nimletee ufagio.